Kugeuza Kalamu ya Wino Kuwa ya Tangi, na Njia Nyingine za Kubadili Ujazaji Wake

Anayeanza kutumia kalamu ya wino huuliza maswali yanayofuatana karibu kwa mpangilio uleule. Je, katriji ikiisha naweza kuijaza tena? Je, konvata ya kalamu hii itaingia katika ile? Na je, ni kweli kwamba wino unaweza kumiminwa ndani ya mwili wa kalamu, bila katriji wala konvata? Nimeyajibu mara nyingi vipande vipande, na majibu ya namna hiyo huzaa madoa, kwa kuwa aliyejibiwa nusu huikamilisha nusu iliyobaki kwa kubahatisha. Mwongozo huu unaanza na swali la tatu, ambalo ndilo lenye kazi zaidi na hatari zaidi kwa nguo zako, kisha unayapitia mengine kwa ufupi.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Nibu ni ncha ya chuma inayoandika. Chini yake kuna ulimi, yaani kipande chenye mifereji myembamba kinachopeleka wino kwenye nibu na kurudisha hewa ndani. Kishikio ni sehemu inayokaa baina ya vidole, na mwili ni gamba refu la nyuma linalofungwa kwenye kishikio kwa hesi. Katriji ni kichupa cha plastiki kinachonunuliwa kikiwa na wino. Konvata hukaa mahali palepale pa katriji, lakini ina pistoni au mpira wa kuminya wa kuvutia wino kutoka kwenye chupa. Kalamu inayohifadhi wino moja kwa moja mwilini mwake nitaiita kalamu ya tangi. Mfumo huu si uvumbuzi wa vijana wa leo, maana kalamu za wino za mwishoni mwa karne ya 19 zilijazwa hivyohivyo, tone kwa tone.

Faida ya tangi ni ujazo. Katriji fupi ya kawaida hubeba takriban mililita 0.8, na konvata nyingi hubeba kati ya mililita 0.5 na 1, ilhali mwili wa kalamu ya plastiki ukigeuzwa tangi hubeba mililita 2 hadi 4 kutegemea ukubwa wake. Anayeandika kurasa nyingi kwa rangi moja atafurahi. Anayebadili rangi kila wiki atajuta, kwa sababu kila badiliko litamlazimu ama kumaliza ama kumwaga wino mwingi. Huyo namshauri aruke hadi sehemu ya kujaza katriji.

Je, kalamu yako inafaa?

Usinunue kifaa chochote kabla ya kulijibu swali hili. Mwili wa kalamu lazima uwe wa plastiki kuanzia mdomoni hadi mkiani, usiwe na tundu, wala usiwe na chuma mahali popote ambapo wino utagusa. Wino ni maji yenye rangi na kemikali nyingine kidogo, na ukikaa kwa wiki kadhaa juu ya shaba au alumini huanza kuila. Mbao hunyonya wino. Kalamu kuukuu za ebonaiti, yaani mpira mgumu, hupoteza weusi wake zikikaa na maji, na zile za kaseini, yaani plastiki ya protini ya maziwa, huvimba, kwa hiyo ziache zilivyo.

Platinum Preppy ndiyo kalamu ninayowaelekeza wengi kuanzia, kwa kuwa mwili wake ni wa plastiki tupu inayopitisha mwanga na bei yake haimuumizi mtu ikiharibika. Kaweco Sport ya plastiki nayo inafaa, ila si ile ya alumini. Lamy Safari haifai kabisa, kwani dirisha lake la kutazamia wino ni tundu wazi ubavuni. Pilot Metropolitan mwili wake ni wa shaba njano iliyopakwa rangi, nayo pia iache na konvata yake. Kagua vilevile hesi za kishikio: baadhi ya kalamu zina mwili wa plastiki lakini pete ya hesi ni ya chuma, na watu wengi huigundua pete hiyo baada ya kutu kuwatangulia.

Jaribio la haraka ni hili: osha mwili wa kalamu, weka mdomo wake wazi kwenye midomo yako, kisha vuta hewa. Mwili usiovuja utanata kwenye ulimi wako na kubaki umenata kwa sekunde kadhaa. Ukisikia hewa ikipenya, kuna tundu, mara nyingi kwenye mkia ambako kipande kidogo kimegandishwa kwa gundi.

Vifaa vya kuandaa

Unahitaji grisi ya silikoni safi, ile inayotumika kwenye vifaa vya wapiga mbizi na mabomba ya maji. Usiweke mafuta ya kujipaka yanayotokana na petroli badala yake, kwa kuwa huvimbisha mpira, nayo kwenye baadhi ya plastiki huleta nyufa. Unahitaji oringi, yaani pete ndogo ya mpira ya kuziba maungio, moja au mbili za kukaa mwanzo wa hesi za kishikio. Oringi nzuri huivaa hesi kwa kubana kidogo na ina unene wa milimita 1 hadi 1.5, ikizidi unene huo, kishikio hakitafika mwisho na kutabaki mwanya unaoonekana. Andaa pia bomba la sindano lenye sindano butu, tishu nyingi, kikombe cha maji, kipande cha plastiki cha kutandika mezani na chupa ya wino.

Kuhusu wino, tumia ule tu ambao chupa yake imeandikwa kuwa ni wa kalamu za wino. Wino mweusi wa wachoraji, wenye shelaki (utomvu wa asili unaotumika pia kama gundi) au akriliki ndani yake, hukauka na kuwa kama varnishi kwenye mifereji ya ulimi, na hapo hakuna maji yatakayoutoa. Kwa jaribio lako la kwanza chagua rangi ya bluu ya kawaida inayosafishika kwa urahisi, kwa sababu nyekundu na zambarau nyingi hupenda kubakiza madoa kwenye plastiki inayopitisha mwanga.

Hatua za kugeuza kalamu kuwa ya tangi

1. Fungua kalamu, ondoa katriji au konvata, kisha osha kishikio chenye nibu kwa maji ya kawaida hadi maji yatoke meupe. Usitumie maji ya moto wala spiriti, kwa sababu plastiki nyingi za kalamu hupinda kwa moto na hupasuka kwa spiriti. Osha na mwili pia, halafu acha vyote vikauke kabisa, kwa kuwa grisi haishiki juu ya unyevu.

2. Kagua mdomo wa mwili chini ya mwanga mkali huku ukiuzungusha polepole. Unatafuta ufa mwembamba kama unywele unaoanzia ukingoni na kushuka kwenye hesi. Ukiuona, kalamu hiyo haiwi tangi. Hatua hii hurukwa kirahisi, nami niliwahi kuiruka: mwili ulikuwa mpya, nikaamini upya wake, na siku ya pili nilikuwa na doa la bluu la ukubwa wa kiganja kwenye suruali.

3. Visha oringi kwenye kishikio, iteremke hadi mwisho wa hesi, pale mwili unapokutana na kishikio. Hakikisha haikujipinda. Kalamu nyingine hubana vizuri kwa grisi peke yake bila oringi, lakini kwa anayeanza naipendekeza, kwa kuwa humsamehe makosa ya grisi.

4. Chukua grisi ya kiasi cha kichwa cha kijiti cha kiberiti, uipake kwenye hesi zote za kishikio kwa kijiti cha meno, ukizungusha hadi kila mfereji wa hesi uwe na utando mwembamba. Paka kidogo na juu ya oringi. Jihadhari sana grisi isifike kwenye tundu la katikati ya kishikio ambamo katriji huingia, wala kwenye ulimi. Silikoni hukataa maji, na ulimi uliopata grisi hukataa wino.

5. Funga kishikio kwenye mwili mtupu, kisha kifungue tena na utazame. Utando wa grisi unapaswa kuwa umeenea sawasawa pande zote. Penye ukavu ongeza kidogo, penye uvimbe futa kwa tishu. Grisi iliyosukumwa hadi ndani ya mwili ifutwe yote, maana itaelea juu ya wino na siku moja itauzuia kwenye ulimi.

6. Jaza mwili kwa maji badala ya wino, funga kwa nguvu ya vidole tu, halafu ifunge kalamu kwa tishu na uilaze mezani kwa saa 24. Ni heri kuilaza kuliko kuisimamisha, kwa sababu ikilala maji hugusa maungio yote. Usikaze kwa koleo; nguvu hiyo ndiyo inayozaa ufa ule wa hatua ya 2.

7. Kesho yake chunguza tishu. Ikiwa kavu kwenye maungio na mkiani, endelea. Unyevu kwenye nibu peke yake si neno, kwa kuwa maji hupenya kwenye ulimi kwa urahisi kuliko wino. Ukikuta unyevu kwenye maungio, rudia kuanzia hatua ya 3, kwa oringi nyingine au grisi zaidi kidogo, kisha ujaribu tena siku nzima.

8. Mwaga maji, kausha mwili kwa tishu iliyosokotwa, na uangalie kama grisi ingalipo kwenye hesi. Simamisha mwili wima kwenye kikombe kidogo au ushike kwa mkono uliovaa glavu, vuta wino kwa bomba la sindano, na uumimine taratibu ubavuni mwa mwili ili usitoe povu. Achia milimita 5 hivi chini ya hesi. Ukijaza hadi mdomoni, kishikio kitakapoingia kitausukuma wino nje, nawe utadhani kalamu inavuja kumbe uliizidishia.

9. Ukiushika mwili wima, fungia kishikio juu yake, nibu ikitazama juu. Futa kila kitu kwa tishu yenye maji. Sasa geuza nibu ichungulie chini juu ya karatasi na usubiri dakika mbili tatu. Wino ukichelewa, gusisha nibu kwenye tishu yenye unyevunyevu. Tishu huuvuta wino wa kwanza, na kutoka hapo hujiendesha wenyewe.

10. Ilaze kalamu juu ya tishu kwa saa nyingine 24 kabla ya kuibeba mfukoni au kwenye mkoba. Najua hapa ndipo subira huisha.

Namna ya kuishi na kalamu ya tangi

Kalamu ya tangi ina tabia moja ambayo katriji haina, nayo ni kucheua. Wino unapopungua, nafasi yake huchukuliwa na hewa. Mkono wako ukiipasha hewa hiyo joto, hutanuka, nayo ikikosa pa kwenda huusukuma wino kupitia ulimi, ukaona tone nene juu ya karatasi. Kadiri hewa inavyokuwa nyingi ndivyo msukumo unavyozidi. Kwa hiyo jaza tena wino ukibaki theluthi moja, wala usingoje uishe. Ukiiondoa kalamu mfukoni, ishike nibu ikiwa juu kwa muda kidogo kabla ya kuandika, hewa iliyokwisha kupata joto ipate kutoka bila kubeba wino.

Ndani ya ndege jambo ni lilelile kwa sababu nyingine. Shinikizo la hewa ndani ya ndege hupungua inapopaa, hivyo hewa iliyomo kwenye tangi hutanuka hata bila joto. Safiri na tangi lililojaa kabisa au lililo tupu kabisa, nibu ikitazama juu. Tangi la nusu ndilo linalochafua.

Kila unapojaza, fungua kalamu nibu ikiwa juu ili wino ubaki mwilini usimwagike kishikioni. Grisi hupungua kwa kila kufungua na kufunga, kwa hiyo iongeze kila baada ya kujaza mara tatu au nne. Wapo wanaozungushia hesi tepi nyeupe ya mafundi bomba badala ya grisi. Huzuia maji, sikatai, lakini tepi hiyo hunenepesha hesi na kuutanua mdomo wa mwili, na plastiki nyembamba haikuumbwa kwa mzigo huo.

Kujaza katriji upya

Njia hii haibadili kalamu hata kidogo, na kwa wengi ndiyo inayotosha. Katriji iliyokwisha ioshe kwa kuisukumia maji mara kadhaa kwa bomba la sindano, ikung'ute, kisha ingiza sindano butu hadi chini na ujaze ukirudi juu, ukiacha nafasi ndogo mdomoni. Irudishe kwenye kishikio kwa kuisukuma wima bila kuizungusha. Mdomo wa katriji hutanuka kidogo kila inapotolewa na kurudishwa; ukiona haishiki tena kwa kubana, au wino unaonekana nje ya shingo yake, itupe uchukue nyingine. Usitumie sindano kali ya hospitali, ambayo hukwaruza mdomo wa ndani na kuchoma vidole pasipo faida yoyote.

Kutia konvata

Kosa kuu hapa ni kununua konvata kwa kutazama picha. Kaweco, Pelikan na Faber-Castell hutumia kipimo cha kimataifa katika kalamu zao za katriji, na konvata ya kipimo hicho huingia, mradi mwili uwe na urefu wa kutosha. Kaweco Sport, kwa ufupi wake, huhitaji konvata ndogo ya pekee. Lamy, Parker, Pilot, Sailor na Platinum kila mmoja ana mdomo wake, na konvata ya mmoja hailingani na kishikio cha mwingine hata kama inaonekana kukaa. Platinum hutengeneza kiunganishi kinachoruhusu katriji za kimataifa kuingia kwenye kalamu zake. Konvata ikiwa nzito kuzungusha, tia grisi ya silikoni kidogo sana ndani ya kichupa chake, nyuma ya pistoni, kwa ncha ya kijiti cha meno.

Mfuko wa mpira

Wenye mikono ya ufundi huweza kutia mfuko wa mpira badala ya konvata, kwa kukata katriji tupu, kubakiza shingo yake, na kuvisha mfuko juu ya shingo hiyo. Mifuko huuzwa kwa namba zinazohesabu sehemu za 64 za inchi, hivyo namba 16 ina kipenyo cha nje cha robo inchi, yaani milimita 6.35. Pima ndani ya mwili kwanza, mfuko uingie bila kukwaruza pande. Gundisha kwa shelaki, uiache ikauke siku nzima, kisha nyunyiza unga wa talki usio na manukato juu ya mfuko ili usinatie mwilini. Ili kujaza, toa mwili, zamisha nibu kwenye wino, minya na uachie mara tano sita. Usitumie gundi ya papo kwa papo: shelaki hulegea kwa joto dogo siku ya kubadilisha mfuko, lakini gundi ile hailegei, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu.

Ikiwa mambo hayaendi sawa

Wino unaonekana kwenye hesi, lakini hautoki nje. Hili ni la kawaida. Grisi na oringi huuzuia pale pale, nawe huna la kufanya zaidi ya kuufuta unapojaza tena.

Wino unatoka kwenye maungio na kuchafua vidole. Fungua, futa grisi yote ya zamani, kausha, na uangalie oringi. Iliyopinda, iliyokatika au iliyopwaya ibadilishwe. Ikiwa oringi ni nzima na kuvuja kunaendelea, rudi kutafuta ufa, hasa ikiwa uliwahi kukaza kwa nguvu.

Kalamu haiandiki ingawa tangi limejaa. Mara nyingi hewa imeziba njia kati ya tangi na ulimi. Shika kalamu nibu ikitazama chini, igonge taratibu ubavuni kwa kidole mpaka uone povu likipanda. Isipopona, osha kishikio kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, suuza vizuri na ujaribu tena, kwani huenda grisi imeingia kwenye ulimi. Grisi ikiwa imezama ndani, kalamu ambayo nibu na ulimi wake huchomoka itahitaji kusuguliwa kwa mswaki laini.

Inaandika vizuri mwanzoni, kisha inamwaga. Huko ni kucheua. Jaza tangi. Ikiendelea hata likiwa limejaa, hewa inaingia kwenye maungio badala ya kupitia ulimi, kwa hiyo tatizo ni mzibo, na dawa yake ni ileile ya oringi na grisi.

Kuna matone ndani ya kifuniko. Kalamu ilitikiswa au ilibebwa nibu ikiwa chini. Osha kifuniko, na safari ijayo ibebe wima.

Mwili umebaki na rangi baada ya kuosha. Uloweke kwa maji ya kawaida yenye tone la sabuni usiku kucha, kisha usugue kwa pamba iliyosokotwa kwenye kijiti. Rangi itakayobaki baada ya hapo imeingia kwenye plastiki yenyewe. Haizuii kalamu kuandika, lakini wino wa rangi hafifu utakaofuata hutautambua vizuri kwa kuutazama kupitia mwili huo, kwa hiyo uandike jina lake kwenye kipande cha karatasi.